Aliyelala Kaburini kwa Nedžad

Zagreb, 23 Septemba 2001

Zumra,

Usishtuke. Ni mimi Manda, jirani yako wa kule juu kwenye chemchemi, yule uliyekuwa ukisema mdomo wake hauna kufuli. Niko hai, na kufuli bado sijanunua, ila meno yamepungua. Habari zako nimezipata kwa padri aliyepita Lipovik wakati wa kiangazi. Ameniambia unaishi nyumba ileile na bado unabananisha vitunguu shambani kama abiria. Nikacheka, kisha nikalia, hadi binti yangu akauliza kama nimechanganyikiwa.

Pejo wangu alifariki mwaka juzi. Moyo, walisema madaktari. Mimi najua kilichomuua ni kukaa ghorofa ya sita bila kuku, bila shoka, bila jirani wa kugombana naye juu ya mpaka wa shamba. Nimesikia na Ramiz wako amekwenda. Mungu amrehemu. Ndiye aliyemkata Mirko wangu nywele za kwanza, pale uani kwetu, mtoto akipiga mayowe, Pejo akimimina pombe ya plamu, na Ramiz akijifanya anakunywa maji. Tangu siku ile nyumba zetu zikawa ndugu. Wewe Mwislamu, mimi Mkatoliki, lakini udugu wa mkasi ni udugu, ndivyo tulivyokuzwa sote.

Nilisikia pia kwamba Nedžad alipatikana. Kwamba alitolewa katika lile shimo la Kremenik pamoja na watu wetu, ukamzika. Sikukuandikia pole wakati ule. Nilikuwa na hasira na kila mama aliyekuwa na kaburi. Sasa nakupa pole, mwenzangu, imechelewa lakini ni ya kweli.

Babamkwe wangu alitoka katika shimo hilohilo. Wanaume wetu Wakatoliki wote waliozuiwa pale kanisani Juni ile ya vita, jeshi lenu lilipotwaa kijiji, sisi wanawake tulipoambiwa tushike barabara ya juu na tusigeuke nyuma, wametoka humo, mateka wote waliopelekwa msituni. Wote waliouawa, isipokuwa Mirko. Wewe ulikuwepo walipofukua. Je, uliona chochote chake? Kifungo, mkanda, chochote?

Siku hizi wanatambua mifupa ya watu kwa damu ya jamaa zao. Mwezi ujao nakwenda kutoa yangu. Namtaka mwanangu, Zumra. Nataka mahali pa kumwekea mshumaa Sikukuu ya Watakatifu Wote, basi, sina jingine ninalolidai duniani.

Dada yako wa mkasi, kama bado unanikubali,
Manda


Lipovik, 9 Oktoba 2001

Dada yangu Manda,

Nitaachaje kukukubali? Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, maziwa yakafurika yakazima moto, na sikujali. Nimeisoma mara nyingi. Namwomba Mungu ampe Pejo raha. Alikuwa mgomvi, lakini hakuwahi kuchuma plamu yetu hata moja bila kuomba, na Ramiz alikuwa akisema jirani wa namna hiyo hapatikani tena.

Nyumba yenu haina paa. Nakwambia mapema ili siku ukija usianguke. Mtufaha wa mbele umebaki, na unazaa kuliko enzi zenu, naona haya kula matunda yake lakini watoto wa njiani hawaoni. Kanisa wamelitengeneza. Padri huja Jumapili moja moja, wazee wachache waliorudi wanakaa benchi la mbele, na sauti zao zinafika kwangu.

Umeniuliza habari za Kremenik. Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Nedžad siku ile alikuwa zamu ya ulinzi barabara ya msituni, unajua walimchukua jeshini hata kabla hajajua kunyoa ndevu. Aliposikia mateka wa Lipovik wamekabidhiwa kwa kile kikosi cha watu wasiotujua, aliacha zamu yake akawakimbilia. Alisema, mwacheni yule, ni ndugu yangu. Wakamuua pamoja nao. Mkubwa wake wa jeshini mwenyewe alikuja kuniambia. Alivua viatu mlangoni, akakaa pale anapokaa mgeni, akasema, mama, mwanao ni shahidi wa namna ya peke yake.

Anayepita kaburini kwake leo husema, huyu ndiye aliyekataa. Walimu huleta wanafunzi. Manda, katika yote waliyotendeana watu wa bonde hili, hicho ndicho kitu changu kimoja kisicho na doa. Nakiamkia kila asubuhi.

Mirko sikumwona. Mungu shahidi wangu, nilimtafuta naye, maana na yeye ni mwanangu. Nimekutumia plamu zilizokaushwa. Usiwape majirani zako wa ghorofa, hawatajua thamani yake.

Zumra


Zagreb, 4 Machi 2002

Zumra,

Plamu zimefika. Nimewapa majirani, wamejua thamani yake vizuri sana, wamekula zote.

Sasa nisikilize, na ukae chini kwanza. Majibu ya damu yamekuja. Wamelinganisha damu yangu na mifupa yote iliyohifadhiwa, ya Kremenik na ya kwingineko, hakuna wa kwangu. Yule daktari ni mwanamke mpole, alinishika mkono akanieleza. Nikamuuliza, sasa mwanangu amekwenda wapi, ameyeyuka? Akasema, mama, waliotolewa Kremenik ile miaka ya mwanzo walitambuliwa kwa macho tu, kwa nguo na viatu, wakapewa jamaa zao. Hao hatujawapima. Inawezekana mtu amezikwa kwa jina la mwenzake.

Nilirudi kwa miguu, nikapita kituo cha tramu bila kukiona. Babamkwe wangu tulimtambua kwa meno yake ya dhahabu, huyo hana shaka. Wale wengine nimewauliza jamaa zao mmoja mmoja. Huyu alikuwa na mguu uliovunjika zamani, yule alikuwa na pete ya ndoa yenye jina, yule mwingine alikuwa mfupi kuliko wote kijijini. Amebaki mmoja tu ambaye sijui alitambuliwaje.

Usinikasirikie. Ulimtambua Nedžad kwa kitu gani?

Manda


Lipovik, 20 Machi 2002

Manda,

Nilimtambua kwa soksi. Nilizifuma kwa mikono yangu, nakshi ya mama yangu, hakuna mwanamke mwingine bonde zima anayeifuma. Walizitandaza mezani nikazijua nikiwa bado mlangoni.

Mama hakosei. Waache marehemu wapumzike, na sisi tupumzike.

Zumra


Zagreb, 2 Aprili 2002

Zumra,

Barua hii nimeichana mara kadhaa. Hii nitaituma hata kama imekaa vibaya.

Kila mwaka ukifuma soksi za sufu, ulifuma pea mbili. Moja ya Nedžad, moja ya Mirko, kwa sababu ya mkasi wa Ramiz. Kisigino chekundu kwa wako, kijani kwa wangu, ili wasigombane wakivua viatu kwako. Hukusahau mwaka hata mmoja, hata ule wa vita, ulipomkabidhi zake dirishani watu wasikuone. Najua hujasahau na sasa. Hebu niambie, zile za mezani kisigino kilikuwa cha rangi gani?

Nitakujibia mimi. Hakikuwa na rangi. Soksi ya babamkwe wangu niliiona, miaka ile yote ardhini iliigeuza kahawia tupu, huwezi kujua ilikuwa nyeusi au nyeupe.

Asubuhi ile Mirko alizivaa mbele yangu. Nilimwambia, we mtoto, joto hili na soksi za sufu? Akasema buti za babu zinamchubua. Na Nedžad wako, Zumra, alikuwa akiwashwa na sufu. Ulikuwa unanung'unika kwangu kila Idi, kwamba anazivaa mpaka mgeni wa mwisho wa mkono wa Idi apite, kisha anazivua anazisukumia nyuma ya jiko. Tulimcheka pamoja.

Daktari anasema kaburi lisifunguliwe bila ridhaa yako. Kwa hiyo sina pa kwenda isipokuwa kwako. Kama ni Nedžad, nitakupigia magoti, nitamlipia imamu kisomo, nitanyamaza mpaka nife. Kama ni Mirko, nipe nimzike.

Manda


Lipovik, 19 Aprili 2002

Manda,

Unajua unachoniomba? Au unajifanya hujui?

Kama aliye kaburini si mwanangu, basi mwanangu hakuuawa pamoja na mateka. Kama hakuuawa nao, siku ile alikuwa wapi? Mbona hakurudi nyumbani akala? Kule mjini wapo wanaonong'ona kwamba wale wageni wa kile kikosi hawakuwa peke yao, kwamba vijana wetu wa hapahapa walikuwepo na bunduki mikononi. Mimi nikisikia hivyo nageuza uso, kwa sababu mwanangu yuko kilimani, ana jiwe, na jiwe linasema alikuwa upande gani. Wewe unataka kuliondoa. Ukishaliondoa, niambie basi, alisimama upande gani wa bunduki?

Na usinifanye nionekane mchoyo wa maiti. Mimi sina dada? Jeshi lenu lilipoingia kijijini kwa dada yangu Aprili ile, kabla ya Juni yenu, walimchomea ndani na mama mkwe wake. Nilikuja kwako kukuuliza ni nani katika vijana wenu aliyekwenda. Ulijua hata majina. Ulinipikia kahawa, ukalia na mimi, na majina hukuyataja, nami sikukulazimisha. Nilikuachia hiyo. Leo wewe huwezi kuniachia hii?

Usiniandikie tena.

Zumra


Zagreb, 1 Novemba 2002

Zumra,

Hukutaka nikuandikie, na nimejizuia kiangazi chote, jambo ambalo hakuna anayenijua atakayeliamini.

Leo ni Watakatifu Wote. Hapa makaburini kuna msalaba mkubwa katikati, na walio na wafu wasiojulikana walipo huweka mishumaa yao chini yake. Nilidhani nitakuwa na watu wachache. Palikuwa na msukumano kama sokoni. Mwanamke mmoja alinikanyaga, nikamgombeza, akasema samahani mama, natafuta nafasi ya waume wangu wawili. Nikamuuliza wawili kivipi, akasema mume na mtoto, nimezoea kusema hivyo wananicheka. Tukacheka kweli, pale mbele ya msalaba, kama wehu.

Kuhusu dada yako umesema kweli. Majina nilikuwa nayajua. Wawili wamekufa, mmoja ninamwona hapa kanisani akipokea komunyo. Ukiyataka nitakupa, na nitayasema popote utakapotaka niyaseme. Si kwa kubadilishana na kitu. Ni yako tu.

Na kuna jingine, nisilifiche maana limenikaba. Yule Ilija, mtoto wa mhunzi, ndiye pekee aliyetambaa akatoka hai Kremenik. Anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilimuuliza habari za Mirko, akaniambia alimwona akianguka. Kisha akasema, mama Manda, na Nedžad naye... Nikamziba mdomo kwa kiganja. Sikutaka kusikia, nimechagua kutosikia mpaka leo. Nilitaka nibaki na Nedžad yule aliyekuwa akija kwangu kulamba sufuria ya jamu. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako unayelishikilia lile jiwe.

Sitakuomba tena.

Manda


Lipovik, 30 Machi 2003

Manda,

Nilitoa damu mwezi Desemba. Siku ya Idi nilipanda kilimani kama kawaida, nikafungua Yasini, na nilipofika mahali pa kulitaja jina la marehemu, jina halikunitoka mdomoni. Nilijaribu tena. Sikujua namsomea nani. Nilishuka nikaenda mjini siku hiyohiyo, nimevaa nguo zangu za sikukuu, nikakuta ofisi imefungwa. Nikarudi tena ilipofunguliwa.

Kaburi lilifunguliwa Februari, theluji ikiwa bado iko. Shemeji yangu alikataa kuja. Imamu alikuja, akasimama na mimi, na kabla ya koleo la kwanza akasema, mama Zumra, hakuna dhambi katika kumrudishia mtu mwanawe. Nilimshukuru sana kwa neno hilo, ni kijana lakini alilisema kwa utulivu.

Majibu yamekuja juzi. Damu yangu haikumjua. Yako imemjua. Ni Mirko, Manda.

Nataka ujue alivyokaa kwangu. Hakukosa kitu. Ijumaa zote nilikwenda. Magugu hayakuota. Nilimweleza habari zote za nyumbani, bei ya mbolea, mguu wangu unaouma, ugomvi wangu na shemeji, hata yale ambayo sikumwambia Ramiz. Nilikuwa namwita mwanangu naye si wangu, na alinivumilia. Waliponiruhusu nimuage, nilimwambia, Mirko, samahani baba, nilikuchelewesha. Mama yako anakungoja.

Sasa nakuomba mimi. Ukishamzika, nenda kwa Ilija. Mtoe ule mkono mdomoni. Muulize mwanangu alikuwa wapi, kisha uniandikie kama alivyosema. Usitie sukari. Hujawahi kujua kutia sukari katika kitu chochote, hata keki zako zilikuwa chachu.

Zumra


Zagreb, 28 Juni 2003

Zumra,

Kwanza mazishi hapo Lipovik. Nilikuona. Ulisimama nje ya ua wa makaburi kwenye ile njia ya mifugo, umejifunga kitambaa chako cha bluu, na nilipokuita ukajifanya kiziwi. Binamu yangu akaniuliza, yule mama wa Kiislamu anatafuta nini hapa? Nikamwambia, huyo ndiye aliyemtunza mwanangu wakati mimi sipo, na ukimwangalia tena hivyo nitakupiga kwa msalaba wa padri. Akashika adabu. Nilitaka utupe udongo wako nawe. Ulikuwa umeshashuka.

Nimekwenda kwa Ilija. Imenichukua muda kwa sababu nilikuwa nafika mlangoni kwake narudi. Nilifikiria kukudanganya, nakwambia wazi. Nilikuwa nimeshautunga uongo wote, kwamba Nedžad aliuawa mahali pengine msituni akikimbia kuja kwao, na mifupa imechukuliwa na mto. Ungeniamini. Nimeshindwa, kwa sababu wewe hukunidanganya ulipofungua kaburi.

Ilija anasema Nedžad hakuwakimbilia. Alikuwa na walinzi tangu kanisani, bunduki kifuani, akitembea pembeni ya mateka bila kuwatazama. Walipofika yale malisho ya Kremenik wakaambiwa wajipange. Hapo ndipo Nedžad alipotoka, akamshika Mirko mkono wa shati akamvuta nje ya mstari. Akamwambia mkubwa wa kile kikosi, huyu ni ndugu yangu, baba yangu ndiye aliyemkata nywele. Mkubwa akacheka. Akasema, kama ni ndugu yako nenda kasimame naye, hatuna tabu.

Ilija anasema Nedžad alisimama pale katikati. Alikuwa bado amelishika lile shati. Kisha Mirko ndiye aliyesema. Alisema, nenda, Nedžo. Nenda tu.

Nedžad akamwachia. Akarudi upande wa bunduki.

Kama alipiga au hakupiga, Ilija hajui. Baada ya kumwona Mirko akianguka, uso wake ulikuwa kwenye nyasi, na babamkwe wangu akamwangukia juu, ndiyo maana yu hai. Anasema kulipotulia alisikia mtu wa upande ule analia kwa sauti, na mwingine anamwambia nyamaza, na yule hakunyamaza, wakaondoka naye akilia. Sauti ilikuwa ya kijana. Hakuweza kuijua.

Ndiyo hivyo. Umeniambia nisitie sukari.

Sijui kama nimemsamehe. Watu wananiuliza kana kwamba ni kitu cha kutoa mfukoni. Asubuhi nyingine nataka awe hai ili nimzabe kofi mpaka mkono uniume. Asubuhi nyingine namwona ameshika lile shati, mtoto wa miaka ishirini, na nataka kumwambia neno lilelile alilomwambia Mirko. Mara nyingi ni yote mawili, kabla sijanywa kahawa. Mirko wangu alimwambia nenda, Zumra. Sijui alipata wapi moyo huo. Hakuupata kwangu.

Wako,
Manda


Lipovik, 21 Julai 2003

Manda, dada yangu,

Nimeisoma. Nilikuwa namenya maharage ya kijani, nikaisoma, nikaendelea kumenya, yakaisha nikakosa la kufanya, nikaenda kuvuna mengine ambayo hayajakomaa.

Sitakuambia ninavyojisikia, maana sina neno lake. Nilipokuwa na kaburi nilikuwa na mtoto aliyekufa vizuri. Sasa nina mtoto tu. Nimelala nikimchukia, nimeamka nikaandaa sahani mbili.

Imamu aliniuliza jiwe tulifanye nini. Wazee wa msikiti walitaka libaki kwa ajili ya wanafunzi, wanasema kisa ni kizuri. Nikawaambia kisa ni kizuri lakini si cha kwetu, ling'oeni. Shemeji yangu haniamkii tangu siku hiyo.

Kisha nilikwenda mjini kwenye ofisi ya watu waliopotea. Alikuwepo msichana, mpole, kucha zake zimepakwa rangi. Akatafuta jina, akasema, bibi, mwanao alishapatikana, faili lake tulishalifunga. Nikamwambia lifungue, hajapatikana. Akaanza kuniuliza. Jina, jina la baba, alizaliwa lini, urefu. Nikajibu yote kwa haraka kama mtoto aliyekariri somo.

Akauliza, alionekana mara ya mwisho wapi?

Shemeji yangu alikuwa ameshanipangia jibu tangu kaburi lilipofunguliwa, barabara ya msituni, kwenye zamu ya ulinzi. Manda, nikisema hivyo watamtafuta kando ya barabara, wakichimbachimba kwa heshima, na nitazeeka nikiwa mama wa mwanajeshi aliyepotea, watu wataendelea kunipisha kwenye foleni ya mkate. Nikisema jingine watamtafuta kwa namna nyingine. Watakuja watu wa mahakama. Na kama yuko hai mahali, huko Uswidi au Austria au popote wanakojifichia watu, ana mke labda, ana mtoto labda aliyemnyoa nywele bila mtu wa kushika mkasi, mimi mama yake ndiye nitakuwa nimewaelekeza mlangoni kwake.

Msichana akadhani sikusikia, akauliza tena kwa sauti kubwa.

Nikamwambia, malisho ya Kremenik, Juni ya mwaka tisini na tatu. Alikuwa na bunduki. Alikuwa upande wa wenye bunduki.

Akaacha kuandika akanitazama. Akasema, bibi, una hakika unataka niandike hivyo? Nikasema andika, shahidi yupo, na yuko hai.

Mwisho akaniuliza kama namtafuta mzima au maiti, kwa sababu ni idara mbili tofauti. Nikamwambia sijui niombe lipi, binti yangu, weka kotekote. Lakini akipatikana mzima, asiletwe kwangu kwanza. Apelekwe Zagreb, kwa mama yake Mirko.

Zumra, mama yake Nedžad